Kusoma maji ya mto ili kumpata trauti: mwongozo kamili wa mito ya Nyandarua na Mlima Kenya

Kwenye mto wa mlimani, sehemu kubwa ya maji haina samaki wa maana. Kwingine maji yana kasi mno, kwingine ni mafupi mno, yaani hayana kina, kwingine yametulia tu na hakuna chakula kinachopita. Trauti hujibana katika vipande vichache vya mto, na vipande hivyo hujionyesha kwa anayejua kutazama. Ndiyo maana namsisitizia kila anayeanza kuvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu: ufito wa bei na nzi waliofungwa kwa ustadi havitakufaa kitu ukirusha mahali patupu. Soma maji kwanza, ndipo ufungue mshipi.

Nazungumzia hasa mito inayoshuka Nyandarua na Mlima Kenya: Gura, Chania, Mathioya, Thego, Ragati, Naro Moru, Burguret, na Thiba upande wa Kirinyaga. Trauti si samaki wa asili wa huku. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven kule Scotland, wakatiwa katika mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilianzishwa mwaka 1948. Jamii hizi mbili hazikai mahali pamoja. Wa kahawia, mwenye madoa meusi na mekundu yaliyozungukwa na duara hafifu, hupenda maficho na maji ya pole. Wa upinde wa mvua, mwenye utepe wa waridi ubavuni, huthubutu kukaa kwenye maji ya kasi zaidi. Kujua mto unaouvua una yupi kutakuongoza pa kuanzia.

Anachotafuta trauti

Anataka hewa ya kutosha majini, chakula, na mahali pa kujificha, na anataka vyote hivyo bila kuchoka. Ni samaki wa maji baridi. Hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 18 za Selsiasi hivi. Yakivuka 20 huanza kutaabika, na yakikaribia 25 maisha yake yako hatarini. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya vuguvugu, na maji yanayopigwapiga na mawe huchota zaidi kutoka angani.

Chakula chake kikubwa ni wadudu wadogo wanaobebwa na mkondo. Akipigana na mkondo mkali kutwa nzima kwa ajili ya vidudu vya ukubwa wa punje ya mchele, atatumia nguvu nyingi kuliko anayoipata. Kwa hiyo hukaa kwenye maji ya pole yanayopakana na maji ya kasi, kama muuza mahindi ya kuchoma anayechagua kivuli pembeni mwa stendi: yeye ametulia, wateja ndio wanaopita. Hilo ukilishika, mengine yote yanafuata.

Jambo jingine ambalo jicho halilioni kirahisi ni kwamba mto hauendi kwa kasi moja kutoka juu hadi chini. Maji yanayogusa sakafu hukwaruzana na mawe na changarawe, yakapungua kasi. Unaweza kuona uso wa mto unakimbia, kumbe kiganja kimoja kutoka chini samaki ametulia kabisa nyuma ya jiwe lisilozidi ukubwa wa sufuria. Usiyadharau maji kwa sababu ya uso wake peke yake.

Hatua ya kwanza: simama mbali na utazame

Mwanga huingia machoni mwa trauti kupitia dirisha la duara juu ya kichwa chake. Akiwa kina cha mita 1, dirisha hilo lina upana wa takriban mita 2.3, na kadiri anavyopanda juu ndivyo linavyozidi kuwa dogo. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwake ni kioo kinachomwonyesha sakafu ya mto. Lakini pembezoni mwa dirisha picha ya ukingo huingia ikiwa imebanwa, na kilicho chini ya nyuzi 10 hivi kutoka usawa wa maji ni vigumu kwake kukitambua. Kwa vipimo vya mvuvi: ukiwa mita 5 kutoka kwake, chochote kinachozidi sentimita 90 juu ya maji kinaweza kumshtua. Ukiwa mita 10, unaweza kuinuka karibu wima. Ukingo ukiwa wa juu, kimo chake kinahesabiwa pamoja na chako, basi chuchumaa.

Trauti huelekeza kichwa kule mkondo unakotoka, na nyuma yake kuna sehemu asiyoiona. Mwendee kutoka chini ya mto ukipanda. Angalia kivuli chako na cha ufito kisitangulie. Kanyaga taratibu, maana mtikisiko wa buti kwenye ukingo laini humfikia kabla hata ya sura yako. Vaa miwani yenye vioo vya polaroidi, inayokata mng'ao wa jua. Bila hiyo utakuwa unatazama anga iliyolala juu ya maji, si mto wenyewe.

Kisha tulia. Dakika chache za kutazama bila kugusa mshipi zinalipa kuliko kitu kingine chochote nitakachokueleza hapa.

Hatua ya pili: fuata povu

Mito hii ina maporomoko mengi, na kila poromoko huacha povu jeupe linaloshuka na mkondo. Povu hupita njia ile ile wanayopita wadudu walioangukia majini na wale wanaopanda kutoka chini ili wawe na mbawa. Mahali mstari wa povu unapokuwa mwembamba na kukaza, chakula kimekusanywa pamoja. Mahali unapotawanyika, chakula nacho kimetawanyika. Nikiulizwa alama moja tu ya kumfundisha mtoto anayeanza, nitamfundisha povu.

Kuna pembe ambazo povu halishuki. Linazunguka polepole kando ya mwamba, kama sahani nyeupe. Hapo maji yanarudi nyuma, kuelekea kule yalikotoka. Samaki bado anaukabili mkondo, lakini kwa kuwa mkondo umegeuka, yeye sasa anatazama chini ya mto, yaani anakutazama wewe unayepanda. Wavuvi wengi huharibu mahali pazuri kwa kutokulijua hilo. Mzunguko kama huo uuendee kutoka ubavuni, au zunguka mbali uushukie kutoka juu.

Hatua ya tatu: tafuta mpaka wa kasi na pole

Tazama uso wa maji utafute mahali pawili penye sura tofauti panapogusana: upande mmoja mawimbi madogo yanayokimbia, upande wa pili maji laini. Mpaka huo mara nyingi ni mstari unaoonekana wazi, na wakati mwingine povu linaupita. Trauti anakaa upande wa pole, kiganja kimoja au viwili kutoka mpakani, akitoka kuchukua chakula na kurudi. Mpaka wa kina ni muhimu vilevile: pale rangi ya maji inapogeuka ghafla kutoka kahawia ya changarawe kuwa kijani kilichokoza, sakafu imeshuka, na samaki hupenda kulala kwenye ukingo wa mteremko huo.

Jiwe kubwa lililo katikati ya mto

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mito ya Mlima Kenya ni ya majabali, na asiyejua kulisoma jiwe atapita samaki wengi.

Chukua jiwe lenye ukubwa wa meza, nusu yake nje ya maji. Wengi hurusha nyuma yake na kuishia hapo. Kumbe jiwe lina angalau sehemu nne. Ya kwanza iko mbele. Maji yanapoligonga hujirundika, na kati ya mkondo na jiwe panabaki kijisehemu, kama mto wa kulalia, cha maji yaliyopungua kasi. Hapo samaki mkubwa hukaa na kuona chakula kabla ya wenzake wote, na kama mbele ya jiwe pamechimbika, paanzie. Sehemu ya pili na ya tatu ni mbavu mbili, ambapo maji yanabanwa na kuongeza kasi. Samaki hasimami ndani ya mbio hizo bali pembeni yake, chini kabisa.

Nyuma ya jiwe, karibu nalo, maji mara nyingi huchafuka na kuzunguka bila mpangilio, na chakula hakifiki vizuri. Shuka na macho hadi pale mikondo miwili iliyopita kushoto na kulia inapokutana tena. Panakuwa na ncha, kama mita 1 au 2 chini ya jiwe kulingana na ukubwa wake, na maji hapo yanatulia kidogo huku chakula kikiletwa kutoka pande zote mbili. Hiyo ndiyo sehemu ya nne, na ndiyo yenye samaki wengi.

Majabali yaliyozama nayo yanajitangaza. Ukiona uvimbe laini juu ya maji, jiwe haliko chini ya uvimbe huo. Liko juu zaidi, upande mto unakotoka. Kadiri maji yalivyo marefu na ya kasi, ndivyo uvimbe unavyosukumwa mbali na jiwe lake. Anayerusha kwenye uvimbe tayari amelipita.

Malindi, kona na maji mafupi

Lindi, yaani dimbwi lenye kina ndani ya mto, lina kichwa, tumbo na mkia. Kichwani, maji yanapoporomokea, kuna hewa na chakula kingi. Samaki wenye njaa husimama kando ya weupe wa povu, si ndani yake. Tumboni maji ni marefu na ya giza. Wakubwa hupumzika hapo mchana, lakini samaki anayepumzika si samaki anayekula, na wavuvi hupoteza saa nyingi wakibembeleza tumbo la lindi kwa sababu tu linavutia macho. Mkiani sakafu inapanda, maji yanakuwa membamba na laini kabla ya kumwagika chini. Jioni samaki hushuka mkiani kula. Kwa kuwa ndiko utakakofika kwanza ukipanda mto, mkia ukiukanyaga, samaki atakimbilia kichwani na kuwashtua wote. Utazame kwa magoti.

Kwenye kona, mkondo huchimba upande wa nje na kutupa changarawe upande wa ndani. Upande wa nje ndio wenye kina, mizizi na ukingo uliotobolewa chini. Trauti wa kahawia hupenda kujificha humo. Sehemu za juu za Nyandarua, mianzi huinama hadi maji yanaguswa na majani, na mti ulioanguka hutengeneza kivuli na maji ya pole kwa wakati mmoja. Wadudu pia huanguka kutoka matawini. Ni vigumu kurusha hapo na utapoteza nzi kadhaa, lakini ndipo penye samaki ambao hawajasumbuliwa.

Maji mafupi yenye changarawe, yanayochezacheza juu ya mawe madogo, mwanzoni hayavutii. Yakifika magotini, yasipite bila kujaribiwa: wadudu wengi wa mto huzaliwa humo, na uso uliovurugika humficha samaki. Asubuhi jua likishayapasha maji hayo joto, hata samaki wakubwa hupanda humo kula. Na mahali kijito baridi kinapoingia mto mkubwa, simama siku zote, hasa kipindi cha joto.

Geuza jiwe, ujue wanachokula

Ingiza mkono majini kwenye maji mafupi, inua jiwe la ukubwa wa kiganja na uligeuze. Utaona vidudu bapa vinavyokimbilia kivulini, vyenye mikia miwili au mitatu myembamba kama nywele. Utaona vijumba vya mchanga na vijiti, kila kimoja na buu lake ndani. Kwenye mawe ya maji ya kasi, mabuu ya usubi hujishikiza kwa wingi, yamesimama kama vinywele vyeusi. Kaa wa mtoni pia yupo, na trauti mkubwa hamwachi. Chagua nzi wa bandia anayekaribiana na ulichokiona kwa ukubwa kwanza, kisha umbo, na rangi mwisho. Lirudishe jiwe kama lilivyokuwa.

Mvua za kwanza zinapoleta kumbikumbi katika sehemu za chini karibu na mashamba, samaki husahau tahadhari kwa muda. Kuwa na nzi wa kuelea mnene wa kahawia tayari.

Ukiona duara juu ya maji, samaki amechukua kitu. Duara hilo linashuka na mkondo, kwa hiyo mwenyewe yuko juu ya pale unapoliona. Zaidi ya hayo, mara nyingi samaki hurudi nyuma kidogo akikikagua chakula kabla ya kukimeza, kisha hupanda tena kwake. Kumbuka mahali duara lilipozaliwa, rusha mita 1 hadi 2 juu yake. Ukiona mgongo tu ukivunja maji bila pua, anakula chini ya uso, na nzi wa kuelea hatakusaidia.

Saa, baridi na mvua

Hapa ikweta hatuna majira ya barafu, lakini usiku wa mlimani hupoza maji sana. Juu ya mita 2,500 huna haja ya kufika mtoni alfajiri. Samaki wengi huchangamka jua likishafika majini. Chini, maeneo ya majani chai kama pande za Othaya, asubuhi na jioni ndizo saa zake. Beba kipimajoto kidogo cha maji, ni kifaa cha bei ndogo kinachokata ubishi mwingi.

Mvua za masika na vuli hujaza mto na udongo mwekundu. Maji yakifikia magoti na huwezi kuona buti zako, samaki wamesogea kingoni kutafuta pole, nawe vua kingoni, karibu na miguu yako, kwa nzi mkubwa mweusi wa kuzama. Mto ukianza kusafika na kushuka baada ya mvua ni wakati mzuri kuliko yote. Lakini maji yakipanda ghafla, yakibadilika rangi au yakileta majani na vijiti vingi, toka mara moja hata kama juu yako ni jua tupu. Mvua imenyesha mlimani.

Kurusha kulingana na ulichosoma

Anza karibu, malizia mbali. Maji yaliyo miguuni pako yavue kabla ya kuyavuka na mshipi. Nzi wa kuelea lazima ashuke kwa mwendo ule ule wa povu lililo kando yake. Akiburutwa na mshipi hata kidogo, akaacha mkwaruzo juu ya maji, trauti atamkataa. Mkondo wa kasi ulio kati yako na samaki ndio unaoburuta, basi sogea hadi mshipi uangukie maji machache iwezekanavyo, na inua ufito juu. Kwa nzi wa kuzama, rusha juu zaidi ya unavyodhani, apate muda wa kufika chini kabla ya kupita mbele ya samaki. Asipogusa mawe mara mojamoja, hajafika.

Sheria na wanyama

Chukua leseni ya uvuvi katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu, na ndani ya hifadhi pitia kwa askari wa Huduma ya Wanyamapori, ulipe na uulize masharti ya mto huo: chambo kinachoruhusiwa, ukubwa na idadi ya samaki. Nyati na ndovu hutumia kingo hizi hizi, na kelele za maji huwazuia kukusikia unavyokaribia. Omba kusindikizwa na askari mwenye silaha, tembea mkizungumza msituni, nyamazeni mkifika majini. Usivuke mto bila fimbo ya kujaribia kina.

Kipande kimoja, mwanzo hadi mwisho

Tuseme umefika mahali mto una poromoko la kimo cha mtu, lindi chini yake, jabali moja katikati, kona kushoto yenye mizizi, kisha changarawe. Simama chini ya changarawe. Rusha kwanza kwenye maji ya magotini, kingo zote mbili, kisha katikati. Panda kwa kuchuchumaa hadi uuone mkia wa lindi, utafute vivuli vinavyosogea, na umalize mkia kabla ya kuinua mguu tena. Halafu ncha iliyo chini ya jabali, mbavu zake, na mbele yake. Geukia mizizi ya kona kwa nzi wa kuzama, ukimwacha apite sambamba na ukingo. Mwisho kabisa kichwa cha lindi, mipaka miwili ya weupe wa povu, kulia na kushoto. Ukimpata samaki, tazama alipokuwa: kina gani, kasi gani, umbali gani kutoka mpakani. Panda mto ukatafute mahali penye sura hiyo hiyo, na uwaache walioshtuka hapa wapumzike walau nusu saa.